Kiti cha Mwalimu Wanjiru na Kifurushi cha Tatu

Siku ile Mwalimu Wanjiru alipokuja kuagiza gari, pale kwenye ukumbi wa kuuzia magari tulikuwa watano. Alikuwepo Mwalimu mwenyewe, na mkoba wake mweusi na kalamu nyekundu. Alikuwepo Nafula, mdogo wangu wa mwisho, aliyemsindikiza kutoka Mbotela. Alikuwepo Shiro wa mauzo, ambaye wote mnamfahamu. Alikuwepo meneja, Bwana Mutua, aliyekuwa akipita tu na akajuta kupita. Na mimi, Wekesa, fundi wa viti, niliyeitwa kutoka karakana ya nyuma nikiwa na vumbi la sponji kichwani. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja huisimulia siku hiyo kwa namna yake, na katika masimulizi ya Shiro yeye mwenyewe hayupo.

Shiro huyo huyo ndiye aliyeniomba, nilipostaafu, niwaandikie ninyi mnaoanza kazi. Habari za vyeo nitaziacha. Sikupata vingi, na nilivyopata havikushona kiti hata kimoja. Nitaanza mwanzo, kisha nitarudi pale ukumbini.

Niliacha shule darasa la saba, muhula wa pili. Mama alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Baba alifanya kazi katika kiwanda kimoja Industrial Area, na sisi watatu tulikaa naye katika chumba kimoja Mbotela: mimi, Barasa wa darasa la nne, na Nafula aliyekuwa bado wa kubebwa. Ijumaa moja Mwalimu Wanjiru alitupa insha ya kuandika nyumbani. Kichwa chake kilikuwa "Kazi ya Baba Yangu," na ilitakiwa Jumatatu. Mimi sikujua baba alifanya nini hasa kule ndani. Nilijua lango tu, kwa sababu nilikuwa nikimpelekea chakula na askari hakuniruhusu kupita. Nikapanga kumuuliza Jumapili, siku yake ya kupumzika. Jumamosi alianguka akiwa kazini na hakuamka tena. Jumapili chumba chetu kilijaa wajomba na mashangazi wakijadiliana nani atamchukua mtoto yupi. Niliwaambia hakuna wa kuchukuliwa. Walicheka kidogo, kwa huruma, halafu wakaona sicheki.

Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa Mwalimu Wanjiru kufundisha. Alikuwa mfupi kuliko nusu ya darasa letu. Alivaa viatu vya kisigino kirefu kila siku, na ukisikia ko, ko, ko kwenye veranda, ulikuwa na muda wa kutosha kurudi mahali pako. Hata hivyo visigino havikumfikisha juu ya ubao, kwa hiyo alipanda juu ya kreti la soda. Hakuna aliyethubutu kulicheka lile kreti mara mbili.

Nilipoacha kwenda shule, Barasa alirudi jioni moja akaniambia, "Mwalimu bado anakuita."

"Ananiitia nini?"

"Kwenye rejista. Dirisha la darasa lenu liko wazi, namsikia. Anasema Wekesa, ananyamaza, halafu anasema anayefuata."

Aliniita hivyo kila asubuhi mpaka mwaka ukaisha. Pia alinitumia vitabu kupitia kwa Barasa, na mimi nilivisoma jikoni ugali ukiiva. Kama mnaona naandika Kiswahili kinachosomeka, chanzo ni hicho.

Nilianza hapa kazini kwa kuosha magari mapya. Siku ya kwanza nilipewa ndoo, kitambaa cha ngozi laini, na onyo kwamba nikikwaruza rangi nisirudi kesho. Magari yalikuja yamepakwa nta ya safarini, na nta ile ilihitaji maji ya moto na subira. Saa sita nilikaa kwenye kivuli cha karakana ya viti, na Mzee Kilonzo akaniona natazama mikono yake.

Mzee Kilonzo alikuwa fundi wa viti wa kampuni nzima. Alikuwa na sindano iliyopinda kama kucha ya kuku, mkasi ambao hakuruhusu ukate karatasi, na koleo la kubania zile pete ndogo za chuma zinazoshika kitambaa kwenye fremu. Koleo lile ninalo mimi sasa. Mpini wake umelika mahali pa dole gumba, kwanza kwa dole lake, kisha kwa langu.

"Unajua kushona?" aliniuliza.

"Nashona nguo za wadogo zangu."

"Kiti ni suruali ya mtu asiyesimama. Kaa hapa."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Wakati huo, mteja akiagiza gari, alipewa karatasi ndefu yenye mistari. Kila mstari ulikuwa kitu kimoja: redio, mkanda wa nyuma, keria ya juu, ndoano ya kuvuta trela, kiti kinachopanda na kushuka. Ulitia alama kwa unachotaka, ukaacha usichotaka. Mtu angeweza kuagiza gari lenye redio lakini bila saa, na wapo waliofanya hivyo. Mambo madogo tuliyafanya sisi wenyewe pale nyuma. Mzee Kilonzo aliisoma karatasi ile kwa makini, kisha akamwita mteja aje akae.

"Usimuulize anataka nini," alinifundisha. "Muulize nani atakaa. Na umpime akiwa amevaa nguo zake za kazi." Aliwahi kumpima mchungaji mmoja akiwa na shati, na Jumapili mchungaji akaja na joho, akakwama kwenye usukani kama gunia mlangoni. Mzee alinisimulia kisa hicho kila mwaka ili nisikirudie. Mtaona kilivyonisaidia.

Mzee Kilonzo alistaafu, na baada ya miaka michache tukamzika kwao Machakos. Barasa alimaliza shule, na Nafula akaingia ile ile ya Mwalimu Wanjiru, akakaa mbele. Magari yakaendelea kuja, na karatasi ikaendelea kufupika. Halafu siku moja ikaja na mistari mitatu tu: Kifurushi cha Kwanza, cha Pili, cha Tatu.

Tulielezwa kwamba vifurushi vitamrahisishia mteja. Mimi nawaambia nilichokiona kutoka nyuma. Kulikuwa na mwenye bucha kutoka Mowlem aliyetaka ndoano ya trela. Ndoano ilikuwa kwenye kifurushi cha pili, pamoja na viti vya ngozi nyeupe. Alikichukua. Viti vile hakuwahi kuvitoa plastiki, na ukipanda gari lake hadi leo unasikia kama unakalia mkate wa dukani. Kulikuwa na mama wa nguo za jumla Eastleigh aliyetaka kamera ya nyuma tu, kwa ajili ya vichochoro vya kule. Alipewa na viti vinavyopasha joto makalio. Aliniuliza kama naweza kuvizima kabisa, kwa sababu mumewe alikuwa akiviwasha kwa bahati mbaya na kudhani ana homa. Nilivizima. Sitanii nikisema nilifanya kazi nyingi ya kuondoa kuliko ya kuweka. Chumba changu cha nyuma kilijaa vitu vipya ambavyo hakuna aliyeviomba.

Walioniuma ni wale walioondoka. Mtu alikuja na haja moja, akaonyeshwa vitu kumi, akainuka polepole akasema atarudi. Nilikuwa nikiwatazama kupitia dirisha la karakana. Mtu wa namna hiyo harudi.

Ndiyo maana Shiro aliponijia mwaka wangu wa mwisho, nilijua kabla hajamaliza.

"Mzee, kuja unisaidie. Kuna cucu hapo mbele ananimaliza. Anataka kitu moja na system imekataa."

"Kitu gani?"

"Kiti ya kupanda. Na ana kalamu red, Mzee. Amenimarkia brochure yote."

Nilisikia ko, ko, ko ukumbini, nikaweka koleo chini.

Mwalimu Wanjiru alikuwa amestaafu siku nyingi. Gari lake la zamani lilikuwa limepita kwa watu wengi kabla yake, na aliliendesha akiwa amekalia mto wa kitanda. Mto ule uliteleza kila alipofunga breki. Mara ya mwisho ulimtelezesha kwenye mteremko wa Kangema, karibu kabisa na kwa mama yake, na kwa muda fulani aliona dashibodi tu. Alilisimamisha gari kwa kuvuta breki ya mkono, akashuka, akatembea kilomita iliyobaki. Tangu siku hiyo hakuwa ameendesha tena kwenda kwao. Mama yake alikuwa amepita miaka tisini, macho yanafifia, na alikuwa ameomba jambo moja: binti yake ampeleke kanisani kwa gari lake mwenyewe. Mwalimu alikuwa ameahidi. Kwa hiyo alikuja kuagiza gari jipya, la kwanza maishani mwake ambalo halijakaliwa na mtu, na alihitaji ndani yake kitu kimoja.

"Wekesa," aliniambia, bila salamu, kama tulioachana jana. "Mweleze huyu msichana mimi si mgumu."

"Cucu, mimi sijasema wewe ni mgumu," Shiro alisema.

"Cucu ni ya wajukuu wangu. Hapa mimi ni mteja. Nisomee tena hicho cha tatu."

Shiro akasoma. Kiti cha dereva kinachopanda na kushuka, viti vya ngozi, dirisha la paani, taa za ukungu, skrini kubwa, spika nane.

"Dirisha la paani ni nini?"

"Ni kama shimo hivi juu, inafunguka. Unaona nyota."

"Nimekaa Mbotela miaka mingi nikiziba paa," Mwalimu alisema. "Sasa ninunue shimo?"

Nafula aligeuka kutazama ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka.

Hapo ndipo Bwana Mutua alipopita. Aliinama kwa heshima, akaeleza kwamba vifurushi vinapangwa kiwandani, ng'ambo, na mfumo hauruhusu kutoa kitu kimoja. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimuuliza, kwa upole uleule aliokuwa nao kabla ya kukuita mbele ubaoni, "Na wewe, kijana wangu, unaridhika na jibu hilo?"

Bwana Mutua ana wajukuu. Alisema, "Hapana, Mwalimu."

"Haya. Tumeelewana." Alifunika kalamu yake. Aliinua mkoba, akauweka magotini, na nikaiona ile namna ya kuinuka polepole ambayo nimewaambia. Alimwambia Nafula, "Twende, mama. Nitaona la kufanya."

Nilijua hakuwa na la kuona. Angerudi kwenye ule mto au angekaa nyumbani, na mama yake angeendelea kungoja kule Kangema. Nikasema kabla sijafikiri vizuri, "Mwalimu, agiza la kifurushi cha kwanza. Kiti niachie mimi."

Bwana Mutua alinivuta pembeni. "Mzee Wekesa, ukigusa boliti za kiti, waranti imekwisha. Na mimi nimekwisha pia."

"Sitagusa boliti hata moja. Nitapandisha ndani ya sponji."

Aligeuka kuona kama kuna aliyetusikia. "Mbele yangu hujasema kitu," alisema, akaenda zake.

Nilimketisha Mwalimu kwenye gari la maonyesho siku hiyo hiyo. Niliweka vipande vya mbao chini yake, kimoja kimoja, huku nikimuuliza kama anaona mbele. Kipande cha tatu kilipoingia, alishika usukani. Aliona boneti yote, na geti, na barabara nje ya geti. "Kumbe hivi ndivyo watu warefu wanaishi," alisema. Kiatu chake kilifika kwenye breki, nami nikapima vidole vinne, nikaandika.

Gari lilifika baada ya miezi, jekundu lililokoza. Sikilizeni sasa wenye kazi hii, maana sehemu hii ndiyo mtakayoihitaji. Kifuniko cha kiti hutolewa kuanzia nyuma, pete moja moja, wala hakivutwi. Chini ya sponji kuna waya mwembamba unaotambua kama mtu ameketi. Usiukate, usiukunje, na usiweke gundi juu yake. Sponji ya kuongeza iwe ngumu, ile ukiibonyeza kwa gumba inakataa. Ukiweka laini, mteja atafurahi wiki moja, kisha atazama. Nilikata tabaka mbili, nikazibandika, nikachonga kingo kwa kisu mpaka kifuniko kikarudi bila kukunjamana. Niliwasha gari nikakagua taa ya mkanda. Ilifanya kazi. Nilijisifu kidogo, peke yangu.

Mwalimu alikuja kulichukua Jumamosi asubuhi na Nafula. Ukumbi mzima ulijipanga kutazama, hata waosha magari. Nilishangaa kwamba sikumsikia akija. Alifungua mlango, akapanda, akashika usukani. Aliona boneti yote na geti na barabara. Kisha akanyoosha miguu.

Haikufika. Ilining'inia juu ya pedali kama ya mtoto wa darasa la kwanza kwenye benchi la wakubwa. Alikisogeza kiti mbele mpaka mwisho, na bado alikanyaga breki kwa ncha ya vidole tu.

Nikatazama chini. Alikuwa amevaa raba.

"Mwalimu, viatu vyako viko wapi?"

"Nani huendesha na visigino, Wekesa? Vile ni vya kwendea kwa watu."

Maisha yangu yote nilikuwa nimemwona ndani ya viatu vile. Mbotela nzima ilimjua kwa mlio wake. Haikunipitia akilini kwamba Mwalimu Wanjiru ana miguu inayoishia kwenye visigino vyake mwenyewe. Nilimpima kwa nguo za kwendea kwa watu, kama mchungaji na shati lake, baada ya kusimuliwa kisa hicho kila mwaka.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alishuka, akanitazama, akafungua mkoba. Alitoa kalamu nyekundu na ile karatasi yangu ya vipimo niliyokuwa nimemkabidhi, akaandika neno moja chini yake: Rudia.

"Nitarudi lini?" aliuliza.

"Usiende. Kaa hapa."

Shiro alitafuta kiti cha ofisini, lakini Mwalimu alikuwa ameshaona kreti la soda kando ya mlango wa karakana. Akaligeuza, akalikalia, na kunitazama nikifanya kazi. Nilitoa pete zote tena. Kosa langu lilikuwa kupandisha kiti chote sawasawa. Paja la mtu mfupi linahitaji kushuka. Nikaacha urefu wote nyuma, mahali pa kukalia, na mbele nikachonga sponji ikateremka taratibu mpaka ukingoni, hata unene wa kidole kimoja haukubaki. Sijawahi kufanya kazi nikitazamwa hivyo tangu nilipokuwa ubaoni.

"Unakata kwa kuvuta au kwa kusukuma?" aliuliza.

"Kwa kuvuta, Mwalimu. Ukisukuma inachanika."

"Nani alikufundisha?"

Nikamwambia habari za Mzee Kilonzo, mpaka nikamaliza pete ya mwisho. Alipanda. Aliona barabara, na mguu ukakaa juu ya breki, wote, bapa. Akaibonyeza mara tatu. Halafu akaegemeza kichwa nyuma na kufumba macho, na sisi tukajifanya tuna shughuli nyingine.

Jumapili iliyofuata alimpeleka mama yake kanisani. Nafula alikuwa kiti cha nyuma, ndiye aliyenisimulia. Walipokuwa njiani, mama mtu mzima alinyoosha mkono, akampapasa binti yake bega, kisha kichwa, akamuuliza kwa Kikuyu imekuwaje amerefuka uzeeni. Mwalimu alimjibu, "Ni mwanafunzi wangu amenipandisha."

Jumatatu alikuja karakana na viatu vyake vya kwendea kwa watu, akafungua mkoba.

"Nakudai nini?" nilimtania, kwa kuwa nilidhani anataka kulipa. "Mwalimu, uliita jina langu mpaka mwaka ukaisha na sikuitika. Funga mkoba."

"Mimi sikuja kulipa. Nimekuja kudai." Alitoa daftari jipya, la mistari, akaliweka juu ya meza yangu kati ya mkasi na koleo. "Insha yangu iko wapi?"

Nilidhani amesahau. Nilikuwa karibu miaka sitini, nimesimama pale na sindano mdomoni, nikaanza kutafuta kisingizio.

"Sijui alifanya kazi gani, Mwalimu. Nilitaka kumuuliza Jumapili."

"Najua. Barasa aliniambia wakati ule." Alivuta mkasi pembeni ili daftari likae sawa. "Watu walimjua. Uliza hao."

Sasa nimestaafu na nina muda. Kiwanda kile kilifungwa zamani, na lango nililolijua limejengewa ukuta. Nafula amenitafutia mzee mmoja anayekaa Mowlem, ambaye alikuwa zamu moja na baba. Anasikia kwa shida lakini anakumbuka. Ametuma salamu kwamba niende siku yoyote, na kwamba baba yangu alikuwa akiimba kazini, jambo ambalo mimi sikulijua.

Haya niliyowaandikia ninyi ni ya kazi yangu. Msimpelekee Mwalimu mkadhani mmenisaidia, maana atayasoma yote, atasahihisha, kisha atauliza ile nyingine. Daftari liko mezani. Nimeandika jina langu juu, darasa la saba, na kichwa cha insha, na nimepiga mstari chini yake kwa rula kama alivyotufundisha. Mengine bado anadai.